Sayari Yetu Ilikuwa Jumba la Mama Ciru

Ndiyo, ni Tassia, mtaa wa hapa Nairobi. Jambo hili nimelikana kwa muda mrefu na mbele ya watu wengi, wakiwemo wanahabari, wanafunzi wa uzamili na mhubiri mmoja, kwa hivyo naliandika kwanza kabla sijaishiwa na ujasiri. Ile sayari ya gemu yetu, isiyo na anga, yenye ngazi zisizofika popote na milango iliyohesabiwa na viumbe wasiojulikana, haikutoka kwenye falsafa. Haikutoka ndotoni, wala kwenye elimu ya nyota ya mababu, kama nilivyosema siku moja nikiwa nimeshika kipaza sauti na watu wakaandika. Ni jumba la kupangisha la Mama Ciru. Tuliliiga ngazi kwa ngazi. Tulichoongeza ni mwanga wa zambarau.

Nilistaafu mwezi uliopita kutoka kampuni ya gemu yenye wafanyakazi watatu, mimi nikiwa mmoja wao. Sherehe ya kuniaga ilifanyika ofisini. Tulikula keki na soda, kisha stima ikapotea, hotuba ikaahirishwa na kila mtu akafurahi. Otieno, bosi wangu, ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliniomba nimwachie maandishi ya kuwasaidia vijana watakaoajiriwa. Alitaka mambo ya maana. Nimejaribu, na haya ndiyo yaliyopatikana.

Kabla ya gemu nilikuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu, kwa mkataba. Mkataba uliisha namna mikataba hiyo inavyoisha: hakuna aliyeniambia, niliona tu jina la mtu mwingine mlangoni. Siku chache baadaye nilikuwa kwa mama mboga nikichagua nyanya kwa umakini wa mtu asiye na kazi, nikamsikia mtu akisema nyuma yangu, "Niaje, Madam." Alikuwa Otieno, aliyelala katika mihadhara yangu miaka minne bila kukoroma, heshima ambayo sijaisahau. Akaniambia yeye na mwenzake wanatengeneza gemu na wanahitaji mtu wa kuandika hadithi. Nikamuuliza ni gemu ya aina gani. Akaeleza kwamba kuna mwanamke, fundi wa mitambo, ambaye chombo chake kimeanguka kwenye dunia ngeni. Anakimbia na kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine akitafuta njia, na hapewi ramani.

"Na maadui ni akina nani?" nikauliza, maana hicho ndicho kitu pekee nilichojua kuhusu gemu.

"Hakuna adui, Madam. Adui ni kupotea."

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya falsafa niliyowahi kuisikia kutoka kwake. Nikakubali kazi kabla sijalipia nyanya.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa, ingawa nilifika mapema. Nilifika langoni mapema, nataka kusema. Ofisi ilikuwa bedsita, chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya nne, nyumba namba hamsini na mbili, na nikadhani kwamba mtu aliyesoma anaweza kutafuta namba hamsini na mbili kwa kuanzia namba moja. Sikujua historia ya jumba. Mama Ciru alianza na ploti moja, akajenga. Baadaye akanunua nyumba ya jirani, akaziunganisha zote mbili kwa kubomoa ukuta hapa na kuongeza ngazi pale. Sakafu za nyumba hizo hazikukutana, kwa hivyo ukitembea ndani ya ghorofa moja unapanda hatua tatu na kushuka mbili bila sababu. Namba za milango zilifuata mpangilio wa kujengwa, si wa kukaa, na mlango wa tisa ukajikuta jirani ya mlango wa hamsini. Kulikuwa na ngazi moja, pana na yenye mikono ya chuma iliyopakwa rangi vizuri, ambayo ilipanda kwa kujiamini, ikapinda, ikakutana na ukuta. Mtu anayeipanda kwa mara ya kwanza husimama pale juu akiutazama ukuta kama aliyeitwa kwa jina.

Nilimkuta mama mmoja akifua nguo kwenye kibaraza, nikamuuliza walipo vijana wa kompyuta. Akaniambia nipande mpaka nione ndoo ya buluu. Nikikosa ndoo nijue nimepotea, nishuke nianze upya. Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile kuhusu namna ya kumwongoza mchezaji bila ramani, na sijasikia fundisho linaloizidi ndoo ya buluu.

Otieno alinifungulia mlango nikihema. Akaniuliza nimepotea mara ngapi. Nikasema mara mbili. "Uko sawa," akasema, "sisi tulipotea wiki nzima." Nyuma yake alikuwa Nekesa, mchoraji wetu, msichana wa maneno machache aliyenitazama toka kwenye viatu hadi kwenye miwani na kurudi kwenye kazi yake. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ananichora.

Vifaa vyetu vilikuwa laptopu mbili, skrini moja ya kuazima, feni, waya mrefu wa stima wenye tundu nyingi, na mtungi wa maji wa lita ishirini. Vijana mtakaokuja mtaelezwa vyote isipokuwa mtungi, kwa hivyo mimi nitaeleza mtungi. Otieno alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao sijauona kwingine. Kabla ya kukubali kipande chochote cha gemu, alimtaka mtu akapande ngazi halisi ya jumba na mtungi uliojaa, kisha arudi aseme mwili ulichoka wapi, alipumzika wapi, na ni kona gani iliyomfanya amwage maji. Mchezaji akifika kona ya namna hiyo alipaswa kukuta mahali pa kusimama. Mtu aliyepanda mara nyingi zaidi ni mimi, kwa sababu wenzangu walijua kuandika programu na kuchora, nami nilijua kuandika maelezo ya chini ya ukurasa.

Mwanzoni, hata hivyo, sayari haikuwa na uhusiano wowote na jumba. Ilikuwa kazi yangu. Niliandika historia ya dola la angani lenye koo, vita, na madhehebu mawili yanayobishana kuhusu asili ya muda. Otieno aliisoma na kulala, kama zamani. Nekesa akachora fuwele na minara. Ilikuwa dunia nzuri na tuliijaribu siku nyingi, na tatizo lilikuwa moja: hakuna aliyepotea ndani yake. Ulijua kila kitu kilipo na hukutaka kwenda.

Kisha siku moja Nekesa alirudi kutoka kuchota maji, akaketi bila kutusalimu, akachora ile ngazi inayoishia ukutani. Akaiweka mbele ya fundi wetu wa anga. Otieno akabonyeza, fundi akapanda, akafika ukutani, akasimama. Sisi watatu tukasogea karibu na skrini.

"Sasa nyuma ya huo ukuta kuna nini?" Otieno akauliza.

Alikuwa akiishi katika jumba hilo. Alijua kwamba nyuma ya ukuta kuna choo cha mpangaji wa namba thelathini na moja. Lakini aliuliza kwa dhati, na tangu siku hiyo tukaliiga jumba, na dola langu la angani likabaki kwenye faili ambayo hakuna aliyeifuta kwa kunionea huruma.

Kampuni ya ng'ambo iliyokubali kuiuza gemu yetu ilituandikia kwa upole sana. Walipenda wazo, ila walishangaa kwamba hakuna kitu cha Kiafrika. Waliuliza kama tunaweza kuweka nyika, au ngoma, au angalau mnyama. Nekesa akaongeza paka, yule wa ghorofa ya pili anayelala kwenye mita za maji. Wakajibu kwamba kiumbe huyo ana fumbo kubwa na wanaona mizizi yetu.

Sasa nifike kwa Mutua, maana bila yeye nisingekuwa na lolote la kukana. Mutua alikuwa keateka, mtunzaji wa jumba. Alikaa na mkewe na binti yao katika chumba kimoja cha chini, kando ya lango, chumba alichopewa kwa ajili ya kazi hiyo. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Alishika funguo zote: za paa, za pampu, za mageti ya chuma ya kila ghorofa. Na Mutua hakuwa anapatikana. Ukimpigia simu, iliita vizuri mpaka ikachoka. Ukimuuliza mkewe, alikuwa ametoka sasa hivi. Wapangaji walimtafuta kwa matusi, kwa maombi, na mmoja kwa kengele. Tulimwona ni zawadi. Tukaweka kwenye sayari kiumbe wa chuma aitwaye Mshika Funguo, ambaye hakupatikana mahali pamoja mara mbili, na bila yeye huwezi kufungua lango la juu.

Siku moja mchana, nikiwa na mtungi, nilikosea njia karibu na paa. Pale nyumba mbili za Mama Ciru zinapokutana kuna mwanya nyuma ya tangi la maji, umezibwa kwa bati. Bati lilikuwa limesogea. Ndani alikuwa Mutua kwenye kiti cha plastiki, redio imewekwa sauti ndogo, anakula chapo madondo, chapati na maharagwe, kwa amani ambayo sijaiona kanisani.

"Madam," akasema polepole, "umeniona?"

Nikafikiria. "Sijakuona."

"Asante." Akanisogezea ndoo niketi. Akanieleza kwamba pampu ikiharibika, watu wa jumba zima humfokea yeye, naye akimpigia Mama Ciru, Mama Ciru hashiki simu. Hana fedha za pampu wala ruhusa ya kuita fundi. Kitu pekee alicho nacho ni masikio, na masikio yamechoka. Kwa hivyo hapo ndipo anaponywea chai. Nilimwelewa kabisa. Nilikuwa nimekaa kamati za chuo kikuu miaka mingi bila kuwa na bati la kujifichia.

Na wiki iyo hiyo, kwa sababu sehemu ya juu ya gemu ilikuwa haina mahali pa Mshika Funguo kupumzika, nikaandika kwamba nyuma ya tangi kuna mwanya uliozibwa, na ukiusogeza ukuta wa uongo utamkuta ameketi, anasikiliza sauti za nyota. Wenzangu walidhani nimebuni. Walinisifu. Ndiyo sifa pekee niliyopata kazini kwa ubunifu.

Gemu ikatoka. Ng'ambo walilalamika kwamba Mshika Funguo haonekani. Mchezaji mmoja aliandika kwamba alimtafuta hadi akalia, na alipompata alihisi kusamehewa. Otieno alisoma ujumbe huo kwa sauti, akasema huyo sasa ameshakaa Tassia, anaweza hata kupewa nyumba.

Hatukuwaza kwamba itachezwa chini ya miguu yetu. Kwenye maduka ya chini ya jumba kulikuwa na kibanda cha kuchezea gemu, na mwenye kibanda, kwa kuwa alikuwa jirani yetu, akaiweka. Wapangaji hawakuhitaji maelezo. Walipita sayari nzima siku moja, wakicheka, wakitambua kamba za nguo za jirani zao. Jumamosi iliyofuata maji yakakatika. Hakuna aliyepiga simu wala kengele. Kundi la watu na mitungi yao walipanda moja kwa moja hadi kwenye tangi, wakasogeza bati, wakamkuta Mutua na chapati mkononi.

"Buda," mmoja akamwambia, "tumemaliza hii leveli kitambo."

Habari zilimfikia Mama Ciru kabla ya maji kurudi. Alikuja mwenyewe, jambo la nadra, akiwa na suti ya ushirika wa akina mama wa kanisa, akapanda hadi ofisini bila kupotea, akaketi kwenye kiti changu. Hakupandisha sauti. Alisema ana mpwa wake anayetafuta kazi. Alisema Mutua amemwapia kwamba siku ile alikuwa anakagua vali ya tangi na ni mara yake ya kwanza kuingia humo. Lakini watu wanasema iko kwenye kompyuta ya hawa vijana, na vitu vya kompyuta vinachukua muda kutengenezwa. Kama ile nyumba ya kwenye gemu ni yake, basi Mutua amekuwa akijificha miaka, na ahame mwisho wa mwezi. Kama si yake, basi ni bahati mbaya tu na yeye ni Mkristo.

"Kwa hivyo nauliza wewe, Mwalimu, kwa sababu wewe ni mtu mzima. Ni nyumba yangu?"

Otieno alikuwa anatazama feni. Nekesa alikuwa ananitazama mimi. Chini, mke wa Mutua alikuwa anafagia sehemu moja ya lango, sehemu hiyo hiyo, tangu Mama Ciru aingie.

"Ni sayari, Mama Ciru," nikasema. "Haina hata anga."

Nikamweleza kuhusu njia zinazopotosha kama taswira ya nafsi ya binadamu. Nikataja Wagiriki. Nikazungumzia ngazi kama swali ambalo ulimwengu hautaki kulijibu. Mama Ciru alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea mahubiri marefu, akasimama, akasema nimesoma sana, na kwamba siku moja atamtafuta mtu amchezee aone kwa macho yake. Mutua akabaki, lakini alibaki kama mtu aliyesimama kwenye ubao uliopasuka. Kila nilipopita langoni alinisalimu kwa sauti ya chini na kuuliza kama Mama ameshacheza.

Hapo ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanza. Hamtaiona kwenye mkataba wangu. Kila aliyeuliza sayari ilitoka wapi, ilibidi nimjibu jambo ambalo likimfikia Mama Ciru halitamfukuza mtu. Mwanahabari wa redio nilimwambia kuhusu ndoto. Kwenye kongamano moja mjini nilisema dunia hii ni mwili wa mama. Ni uongo wenye faida zake: niliheshimiwa na watu wasionielewa, kama enzi zangu za chuo, ila sasa walikuwa wamekuja kwa hiari. Kijana mmoja wa uzamili aliandika tasnifu nzima kuhusu ukuta wa mwisho wa ngazi, akauita kimya cha Mungu. Chuo kiliniita niwe mmoja wa watahini wake. Niliipitisha, na nilipokuwa natia sahihi niliwaza choo cha namba thelathini na moja.

Lakini watu wa gemu wana macho. Mmoja wao alikuja kumtembelea shangazi yake Tassia, akapanda ngazi, akafika ukutani. Picha alizopiga zilizunguka mitandaoni, ngazi yetu upande mmoja na ya Mama Ciru upande wa pili, na paka wa mita katikati. Nilikuwa nimebakisha siku chache kustaafu. Otieno aliniambia, "Mathee, hii sasa imeisha." Mutua aliona picha kwenye simu ya mkewe. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama najua mtu mwenye chumba kule mtaa wa Lucky Summer, na kama shule za huko zinapokea watoto katikati ya muhula.

Nilikaa nyumbani Jumapili alasiri nikipanga utetezi. Nilikuwa na hoja tatu, moja ikiwa ya Wagiriki. Simu ikalia, nikaona jina la Mama Ciru.

"Mwalimu. Nimeiona hiyo kitu yenu. Binti yangu Ciru amenichezea tangu tutoke kanisani."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu wa anga gani anajenga ngazi halafu inaishia ukutani?"

Hoja zangu zote tatu zikatoka kichwani kwa pamoja, kama watu waliosikia maji yamerudi.

"Ni wewe, Mama Ciru."

"Ehe," akasema. "Ni mimi. Fundi aliniambia kuna ukuta. Nikamwambia aendelee."

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia kuhusu pampu, simu zisizoshikwa, kiti cha plastiki, na kwamba Mutua alifichuliwa na mimi ingawa nilimwahidi kwamba sijamwona. Nikamwomba, kama kuna mtu wa kuhama, nihame mimi, jambo rahisi kusema kwa kuwa siishi kwake, naishi mtaa wa Makadara. Nilisikia muziki wa gemu yetu nyuma yake, na Ciru akiuliza kama aruke au asubiri.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Kuna watu wameona hizo picha wakanipigia. Wanaleta wageni Jumamosi kuona nyumba. Wanataka kupanda ile ngazi. Halafu wamesema kitu wanataka zaidi ni kumtafuta huyo mtu wa funguo."

"Mutua?"

"Mimi nilikuwa nimwambie mpwa wangu aje. Lakini huyo mpwa, Mwalimu, huyo anapatikana kila saa. Ukimwita mara moja amekuja." Akamwambia kwanza Ciru aruke, kama anayempa mpwa wake nafasi ya mwisho. "Hawezi hii kazi. Nimempigia Mutua tangu asubuhi na hashiki. Ukimpata, mwambie Jumamosi asionekane hata na mimi."

Akakata simu.